Maji kiduchu, bomba la enzi za baba: ubadilishe au ununue pampu?

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Pasua, Moshi, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba mwaka 1979. Kutoka kwenye dira ya maji hadi ukuta wa jikoni ni kama mita 38, bomba la chuma la robo tatu, lile lile aliloliweka yeye. Maji yanatoka kiduchu. Ndoo ya lita 20 jikoni inachukua karibu dakika nne, na mtu akifungua bafuni, jikoni panakauka. Maji ya kwanza asubuhi yana rangi ya chai. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta anajaza ndoo kama hiyo chini ya dakika moja. Fundi wa kwanza ameniambia ninunue pampu niifunge baada ya dira. Wa pili amesema tung'oe bomba lote tuweke la plastiki la nusu inchi, eti plastiki linateleza kwa hiyo nusu inchi inatosha. Nimfuate nani, na kama ni kubadili, niweke saizi gani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: pampu usinunue, bomba badilisha, lakini hiyo nusu inchi usiiweke. Na kabla hujamwita mtu wa sururu, tumia asubuhi moja kupima. Nimeshaona ua mzima ukichimbwa kwa tatizo lililokuwa ndani ya valvu moja.

Mafundi wako wawili wanatumia neno moja, presha, kwa vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wateja wengi wanapopotezwa. Presha ni msukumo. Wingi wa maji ni lita ngapi zinafika kwenye ndoo kwa dakika. Siku ya mechi pale Uwanja wa Ushirika, filimbi ya mwisho ikilia watu wote wanasukumana kwenda nje. Lango likiwa pana wanamwagika. Ukiacha ubao mmoja wazi, msukumo nyuma ni ule ule lakini wanatoka mmoja mmoja. Bomba lako ni lango lililobaki ubao mmoja. Pampu ingeongeza watu wa kusukuma kwa nyuma bila kufungua ubao wa pili.

Jirani yako tayari ametupa ushahidi mzuri. Anakula laini ile ile ya mtaani, ardhi ile ile, saa ile ile. Maji ya Moshi kwa sehemu kubwa yanateremka yenyewe kutoka kwenye chemchemi za juu huko, kama Nsere na Shiri, na mji wenyewe umelala kwenye mteremko wa mlima. Kila mita 10 za kushuka wima zinatoa bar moja ya presha, bila umeme. Nyinyi wa Pasua mko chini, kwa hiyo kwa mteremko peke yake hamna cha kulalamika. Kama kwake maji yanafika na kwako hayafiki, basi msukumo upo mtaani na unakufa kati ya dira yako na koki yako.

Hata hivyo usiniamini mimi wala jirani. Pima.

Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Pima kwenye koki iliyo karibu zaidi na dira. Nyumba nyingi za zamani zina koki ya uani ya kumwagilia bustani. Kisha pima jikoni, koki nyingine zote zikiwa zimefungwa. Fanya hivyo asubuhi watu wanapooga, kisha saa nne usiku. Koki ya karibu na dira ikijaza ndoo kwa sekunde 50 na jikoni ikachukua dakika nne, hapo bomba limejitaja lenyewe. Zote mbili zikiwa dhaifu, usichimbe kwanza. Tatizo linaweza kuwa kwenye dira au kabla yake.

Kipimo cha pili kinahitaji geji ya presha, ile ya mviringo yenye mshale, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya maji. Ifunge kwenye koki ya nje ya ukuta wa jikoni. Funga kila kitu ndani ya nyumba uisome. Kisha mtu afungue koki ya jikoni yote, uisome tena. Nakuambia kabla hujaifunga kitakachotokea: koki zikiwa zimefungwa mshale utasimama vizuri, labda kwenye bar moja na nusu au mbili, na ikifunguliwa tu utaanguka hadi karibu na sifuri. Maji yaliyosimama hayasuguani na kitu. Ndiyo maana hata bomba lililobaki na tundu la kalamu litaonyesha presha safi mpaka maji yaanze kutembea. Fundi anayesoma geji koki zikiwa zimefungwa kisha akasema "presha unayo, bomba zima" hajapima kitu. Ila kama mshale uko chini hata koki zikiwa zimefungwa, na saa nne usiku pia uko chini, hapo mtaani kwenyewe hapana msukumo, na bomba jipya halitakusaidia chochote.

Kabla ya kulihukumu bomba, angalia vitu vitatu vidogo. Kwanza, valvu iliyo baada ya dira. Nyumba ya 1979 bila shaka ina geti valvu ya shaba, ile ya kuzungusha usukani. Ndani yake kuna sahani inayopanda na kushuka, na sahani hiyo ikishaoza hukatika kwenye shina lake; unazungusha usukani hadi mwisho, unaona valvu iko wazi, kumbe sahani imelala chini imeziba. Pili, kichujio kidogo kwenye mdomo wa dira, ambacho hushika mchanga na vipande vya kutu. Hicho usikiguse mwenyewe. Dira na lakiri yake ni mali ya mamlaka ya maji, hapa Moshi ni MUWSA, na ukivunja lakiri utaanza mazungumzo mengine kabisa. Piga simu waje wakisafishe. Tatu, kile kichujio cha wavu kwenye mdomo wa koki ya jikoni, kama unayo koki ya kisasa. Kifungue kwa mkono, kikung'ute. Utashangaa.

Vitu hivyo vitatu vikiwa salama, tunabaki na bomba.

Pale karakana nina kipande cha bomba la robo tatu nilichokikata Shanty Town, urefu wa kiganja. Wateja wakibisha nawapa wakishike. Kwa nje bado lina rangi yake ya kijivu, uzi wake safi, ungeweza kuliuza kama mtumba. Ukichungulia ndani ni kama sufuria ya wali iliyosahaulika jikoni: ukoko juu ya ukoko, vinundu vya kutu vya rangi ya tofali vimeota pande zote vikakaribia kukutana katikati. Penseli inapita, kidole hakipiti. Likiwa jipya tundu lake lilikuwa milimita 21 hivi. Bomba la chuma hupakwa zinki ili lisishike kutu, na zinki hiyo huliwa pole pole na maji mwaka hadi mwaka. Ikiisha, maji yanaanza kula chuma chenyewe, na kutu ina tabia mbaya ya kuvimba: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Rangi ya chai unayoiona asubuhi ni hiyo kutu, imelala usiku kucha na maji yaliyosimama.

Sasa hesabu kidogo, usiogope. Watu hudhani tundu likipungua nusu maji nayo yanapungua nusu. Sivyo. Kwa msukumo ule ule, bomba lenye tundu mara mbili hupitisha maji kama mara sita. Tundu likishuka kutoka milimita 21 hadi 12, kinachopita ni kama robo tu ya cha zamani, na hapo bado hujahesabu ukuta wenyewe ulivyokuwa na vinundu badala ya kuwa laini.

Ndoo yako ya dakika nne ni lita tano kwa dakika. Kwa bomba la mita 40 lenye tundu la milimita 12 na kuta chafu, kusukuma lita tano tu kunakula msukumo wa mita nane hivi, yaani bar 0.8. Unataka lita 20 kama jirani? Kwenye bomba hilo hilo utahitaji msukumo wa karibu mita 100, yaani bar 10. Mtaani hakuna bar 10 za kukugawia, na kama zingekuwepo, chuma cha miaka arobaini na zaidi kilichobaki kama ganda la yai kingepasukia chini ya migomba.

Hapo ndipo ushauri wa pampu unapokufa, na nina sababu nyingine mbili. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye laini ya mtaa haiumbi maji, inayafyonza. Itakunyang'anyia wa jirani, na maji ya mgao yakikatika itavuta hewa, tope na chochote kilichopo nje ya mabomba kupitia kila ufa wa mtaa, ikuletee jikoni kwako. Mamlaka hairuhusu, na kwa hilo niko upande wao. Kama kweli unahitaji pampu, kwa mfano una ghorofa au kuna mgao wa mara kwa mara, utaratibu ni kuacha laini ijaze simtanki yenyewe kupitia koki ya boya, kisha pampu ivute kutoka kwenye simtanki. Kwako sioni haja hiyo. Simtanki juu ya mnara wa mita tatu nayo, watu wanaisifia sana, ila kumbuka mita tatu ni bar 0.3 tu. Inakupa akiba siku za mgao, msukumo wake mdogo.

Tumfikie fundi wa pili. Ni kweli plastiki linateleza na halishiki kutu. Kosa lake ni kusahau tundu.

Mabomba ya chuma hutajwa kwa tundu la ndani, kwa makadirio. Mabomba ya plastiki hutajwa kwa upana wa nje. Ukiingia dukani pale mjini ukasema "nipe ishirini na tano," utapewa bomba lenye upana wa milimita 25 kwa nje, na tundu lake linategemea ukuta wake una unene gani. Lile jeusi lenye mistari ya buluu, linalouzwa kwa rola, la 25 na presha ya bar 16, lina tundu la milimita 20 hivi. La 20, ambalo muuzaji ataliita nusu inchi, tundu lake ni 16. La 32, wanaloliita inchi moja, tundu lake ni 26.

PPR ndiyo inayodanganya zaidi, yale mabomba magumu ya kuchomelea kwa mashine ya joto. Ukuta wake ni mnene. PPR ya 20 ya presha kubwa ina tundu la milimita 13 tu. Ukiiweka mita 38 kutoka kwenye dira utakuwa umelipa pesa nzuri kununua bomba jipya lenye ukubwa wa bomba lako bovu.

Angalia tofauti kwa lita 20 kwa dakika, urefu wa mita 40, bomba jeusi jipya. La 20 linakula msukumo wa mita nane. La 25 linakula mita mbili na nusu hivi. La 32 halifiki hata mita moja. Sasa fikiria Jumamosi mmoja anaoga, mwingine anafua, mama yuko jikoni. Mimi kwako naweka 32 bila kujadiliana. Gharama ya kuchimba ni ile ile, na tofauti ya bei kati ya 25 na 32 kwa rola moja haifanani na karaha ya kuchimba tena. Usivutwe kwenda 40, hata hivyo. Dira ya kawaida ya nyumbani, ile ya nusu inchi, imetengenezwa kwa lita 25 kwa dakika kama kazi yake ya kawaida, na 50 ikikazwa sana. Hapo ndipo lango lako jipya litakapokuwa, na bomba la 40 halitalipanua.

Nunua rola moja ya mita 50. Usinunue vipande. Ukiwa na rola, chini ya ardhi hapatakuwa na kiungo hata kimoja kati ya dira na ukuta, na mahali pasipo na kiungo hapavuji kiungo. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa bomba: saizi, presha (tafuta PN16, au PN10 kama hakuna), jina la kiwanda na alama ya ubora ya TBS. Bomba lisiloandikwa kitu, hata liwe rahisi namna gani, mwachie mwenye duka. Lisiwe limeanikwa juani nje ya duka miezi na miezi.

Mtaro. Usifukue bomba la zamani. Pitisha njia mpya pembeni yake, hatua moja au mbili, na uache la zamani likihudumia nyumba mpaka jipya liwe tayari. Utakosa maji kwa saa tatu badala ya siku tatu. Kina cha futi mbili kinatosha uani. Panapopita gari shuka hadi futi tatu. Ardhi yetu ina mawe ya volkano yenye makali, na jembe la mtu wa shamba la kahawa linafika chini kuliko unavyodhani, kwa hiyo tandaza mchanga au udongo laini uliochekechwa kama kiganja kimoja chini ya bomba na kiganja kimoja juu yake, ndipo urudishe mawe. Epuka mparachichi kama unao. Bomba lisivutwe likanyooka kama kamba ya kuanikia. Liache lijinyongenyonge kidogo mtaroni, maana plastiki hurefuka mchana na kujikunja usiku. Na usianze kazi hii wakati wa masika. Nilishachimba mwezi wa Aprili mara moja, Rau, tukawa tunapiga maji kwa ndoo kutoka mtaroni tunakoweka bomba la maji. Majirani wanacheka mpaka leo.

Sasa kosa langu mwenyewe, nalisimulia kwa sababu nyumba yako inanikumbusha ile. Miaka ya nyuma nilibadilisha bomba la mtu, mita 40 na kitu, kazi safi. Ilibaki sentimita 60 za chuma cha zamani chini ya baraza lenye sakafu ya terazo, na elbo moja, kile kiungo cha kona, ya kupandia ukutani. Mama mwenye nyumba aliipenda terazo yake, na mimi nilikuwa mvivu siku hiyo. Nikaunganisha pale pale nje ya baraza. Tukafungua. Maji yakawa yale yale. Nikasimama pale na ndoo yangu, nusu saa, najifanya natoa hewa kwenye laini. Kesho yake nilivunja terazo, na ndani ya ile elbo tundu lilikuwa dogo kuliko lote nililolitoa kwenye zile mita 40. Elbo ndipo kutu hupenda kujilimbikiza. Kwa hiyo mwambie fundi wako mapema: chuma kiishe chote, hadi kwenye koki. Kama sakafu ni ya thamani, bomba lipande nje ya ukuta kwa klampu, ndani ya bomba kubwa la kulikinga na jua, liingie jikoni kwa juu. Si zuri kulitazama. Linafanya kazi.

Ndani ya nyumba PPR ni sawa, kwa kuwa umbali ni mfupi. Lipokee bomba jeusi la 32 ukutani kwa boli valvu, zile za mkono mmoja unaogeuka robo, usirudie geti valvu. Hapo hapo ligawe: tawi moja la PPR 25 liende jikoni, jingine la 25 liende bafuni, na 20 itumike tu kwa ile mita moja au mbili ya mwisho kufikia koki. Ukigawa kwenye mlango wa nyumba badala ya kupitia bafuni kwenda jikoni kama ilivyo sasa, mtu akioga hatamkausha mwenye vyombo. Msimamie fundi anapochomelea. Akipasha joto sana au akisukuma kwa nguvu, plastiki iliyoyeyuka inaota pete ndani ya kiungo na kubana tundu. Mwambie akuchomelee kiungo kimoja cha majaribio akikate kwa msumeno, mchungulie ndani pamoja. Fundi mzuri hatanuna.

Kuna jambo moja ambalo wenye nyumba za zamani hawaambiwi. Baadhi ya nyumba hizo waya wa athi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma, kwa kuwa lilikuwa limezama ardhini vizuri kuliko nondo yoyote. Ukiling'oa ukaweka plastiki, nyumba nzima inabaki bila athi na hakuna atakayejua mpaka mtu apigwe na shoti kwenye jiko au hita ya kuogea. Zunguka nyumba uangalie kama kuna waya wa kijani au wa shaba tupu uliobanwa kwenye bomba. Ukiuona, fundi umeme aje kwanza, achimbie fimbo ya athi, ndipo sisi wa maji tuguse.

Siku ya kuunganisha, kabla ya kufunga bomba jipya kwenye nyumba, acha mdomo wake wazi uani na ufungulie maji yatoke kwa nguvu dakika kadhaa. Utaona udongo, vipande vya plastiki, wakati mwingine mdudu. Vingekuwa ndani ya koki zako. Kisha unganisha, funga koki zote, na uache mtaro wazi usiku mmoja. Usiku huo kaa mbele ya dira na tochi. Dira nyingi zina kinyota kidogo, chekundu au cheusi, kinachozunguka hata kwa maji kidogo mno. Koki zote zikiwa zimefungwa, kinyota kisitikisike hata kidogo. Kikizunguka, kuna mahali panavuja. Na fanya jaribio hilo leo hii na bomba la zamani, kwa udadisi. Bomba la chuma linalovuja glasi moja ya robo lita kwa dakika linapoteza lita 360 kwa siku, karibu uniti 11 kwa mwezi, zote ukizilipia bila kuziona. Nimeona watu ambao bomba jipya lilipunguza ankara kuliko lilivyoongeza maji.

Bei hujaniuliza, ila najua unaiwaza. Sitaandika tarakimu kwa sababu bei ya bomba inabadilika na kuchimba kunategemea mawe yaliyopo uani kwako. Mwambie fundi akuandikie vifaa kwenye karatasi moja na ufundi kwenye nyingine, upeleke ya vifaa kwenye maduka matatu, ununue mwenyewe. Kuchimba uelewane kwa mita, si kwa siku. Na yule fundi wa pili usimfukuze, amegundua ugonjwa sahihi, mpe tu rola ya 32 na usimwache arudi dukani "kubadilisha."

Kutoka kwenye bomba la mtaa hadi kwenye dira si lako kuchimba. Kama vipimo vyako vitaonyesha kwamba hata koki iliyo karibu na dira ni dhaifu wakati kwa jirani pako sawa, andika maombi MUWSA, eleza vipimo kwa sekunde na tarehe, omba wakague unganisho lako kwenye laini kubwa. Barua yenye "sekunde 210 asubuhi, sekunde 190 usiku" husomwa tofauti na barua yenye "maji hayatoki vizuri."

Wasomaji wa Arusha, najua mtaniuliza kama kawaida: bomba jipya haliondoi floraidi. Floraidi inatoka kwenye miamba ya huko Meru ikiwa imeshayeyuka ndani ya maji, na kuyachemsha hakuitoi. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki. Hilo ni suala la chanzo cha maji.

Mwanangu, kazi ikiisha rudi na ndoo ile ile kwenye koki ile ile ya jikoni. Nategemea isizidi dakika moja. Andika tarehe na sekunde zako kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko cha boksi la dira, chini yake saizi ya bomba na njia linakopita. Marehemu mzee angekuwa ameandika hivyo mwaka 1979, leo ungejua kama maji yamepungua au ni wewe umezoea kulalamika.